Msiseme piano ndiyo inaua kisanji

Ninaandika kurasa hizi kwa ajili ya neno moja lililosemwa katika mkutano wetu, ambalo watu wote walilipigia makofi. Hata mimi nilipiga, juu ya adabu tu. Mzee mmoja wa kamati alisimama akasema kwamba watoto wa siku hizi wanapoteza mila kwa sababu wazazi wanawapeleka nyumbani kwa watu kujifunza piano, tena kwa kulipa, na hakuna hata mmoja kati yao anayejua kushika kisanji. Akamalizia hivi: "Piano ni kintu ya Bazungu, na masomo ya kulipia ni desturi ya Bazungu. Bankambo betu habakulipaka."

Nilirudi nyumbani, nikakaa, nikaona kwamba makofi yangu yalikuwa ya uongo. Binti yangu mwenyewe anaenda kujifunza piano kila siku ya posho. Basi ama nikubali kwamba mimi ni mmoja wa wauaji wa mila, ama nijibu. Ninajibu.

Kwanza tuseme vile masomo yale yako, kwa sababu wengi wanaoyatukana hawajaingia ndani hata siku moja. Mwalimu wa binti yangu anafundisha kwake, hapa Lubumbashi. Sebule ameigawanya kwa pazia. Upande mmoja familia inakula na kuangalia televisheni. Upande wa pili kuna sintetizeri ya noti 61, kiti kisicho na mgongo, na piano ya kweli, ya mbao, ya zamani sana, iliyobaki katika nyumba ya watu waliohama nchi. Katika piano hiyo noti karibu tisa haziitiki tena. Piano ya kweli iko na kamba zaidi ya 200 ndani, na hapa kwetu, na vumbi hili, wewe utampata nani wa kuzikaza? Mtoto anaingia peke yake, dakika 45, halafu yule anayengoja kwenye baraza anaingia.

Wiki mbili za kwanza binti yangu hakupiga wimbo wowote. Alifundishwa kukaa. Kushusha mabega. Kukunja vidole sawa vile mtu anashika embe ndogo bila kuifinya. Kisha do, re, mi, fa, sol kwa vidole vitano, na nyuma yake ile shida ya kwanza ambayo inaliza watoto: ukifika kwa mi, kidole gumba kinapita chini ya vingine ili kishike fa, na mkono hauruhusiwi kuruka. Mwezi mzima ulikwisha kwa jambo hilo. Umeme ukikatika, na unakatika mara nyingi, mwalimu hamrudishi mtoto nyumbani. Anamhamisha kwenye piano ya mbao, na kama iko giza anamwambia apige kwa vidole juu ya meza na ahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, ine. Kwangu hakuna piano. Tulichora noti kwenye katoni, na jioni binti anapiga katoni ile, kaka zake wanamcheka. Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari, nikiona kazi ya ualimu ninaitambua. Ile ni kazi ya ualimu, na ninailipa bila kunung'unika.

Sasa nimuulize mzee wetu wa kamati, kwa heshima yote: wale mabingwa wa kisanji unaowalilia, walijifunza wapi? Hakukuwa na shule yenye kalasi ya kisanji. Kijana alikaa karibu na mjomba wake, au karibu na mzee mwingine wa kijiji, nyumbani kwake, jioni, mmoja kwa mmoja. Aliangalia vidole gumba vya mzee, akaiga, akakosea, akachekwa. Hiyo ni nini kama si masomo ya nyumbani? Mwalimu mmoja, mwanafunzi mmoja, chombo kimoja, fasi moja ya kukaa. Ukiondoa pazia na televisheni, ni kitu kilekile. Desturi ya kigeni ni ile ya shule yangu mimi, watoto hamsini na zaidi mbele ya ubao mmoja. Hiyo mbona hamuisemi?

Na neno hili la kwamba bankambo hawakulipa, mimi ninalikataa wazi. Walilipa. Hawakulipa dola kwa sababu dola haikuwako, lakini kuku ilikuwako, jembe lilikuwako, kitambaa kilikuwako, na mikono ya kulima shamba la mwalimu ilikuwako. Kijana aliyetaka kujua kazi ya chuma alivukuta mivuo kwa muda mrefu kabla hajaachiwa nyundo. Aliyetaka dawa alipeleka kitu kwa mganga. Na kwa Waluba, tuseme juu ya Mbudye, chama kile cha watunza historia ya wafalme. Wao walikuwa na lukasa, kile kibao cha mbao chenye shanga, ambacho mwenye kujua anakisoma kwa kidole na kuhadithia koo, safari na makao ya wafalme. Je, elimu ile waligawa bule? Kuingia Mbudye kulikuwa na malipo, na kupanda daraja kulikuwa na malipo tena. Walijua kwamba elimu inayotolewa bule, watu wanaifanya kama maji ya mvua: kila mtu anaikanyaga. Siye leo tunajiita watetezi wa mila, na kanuni ya kwanza ya mila ile, ya kumpa mwalimu haki yake, tumeitupa.

Wengine watasema: sawa, lakini piano yenyewe ni ya Wazungu. Tuangalie. Piano ilitengenezwa mara ya kwanza na Bartolomeo Cristofori, huko Florence, Italia, karibu na mwaka wa 1700. Na katika 1586 padri mmoja Mreno, João dos Santos, alikuwa ameisha kuona katika nchi inayoitwa leo Msumbiji chombo cha ndimi za chuma kinachopigwa kwa vidole gumba, watu wa kule wakikiita ambira, na akakiandika katika kitabu chake. Kwa hiyo ndugu wa kisanji alikuwa anapigwa miaka zaidi ya 100 kabla piano haijazaliwa. Mzee hapa ni kisanji. Piano ni mjukuu. Mzee gani anamuogopa mjukuu wake?

Tena, katika Katanga hii, lini tulitengana na vyombo vya wageni? Joseph Kiwele alifundishwa muziki na wamisionari, akawa mwalimu wa muziki hapa Elisabethville, akatunga misa zenye sauti ya kwetu, na katika 1960 akatunga wimbo wa Katanga, La Katangaise. Alikufa 1961, na wazee wetu waliokuwa watoto wa korali bado wanamtaja na kofia mkononi. Hakuna aliyesema kwamba ogani ilimfanya asahau kwao. Kule Kamina, Padri Guido Haazen alikusanya vijana, na katika 1958 ikaimbwa ile Missa Luba ambayo dunia nzima iliisikia. Haikuandikwa kwanza kwenye karatasi: waimbaji wenyewe waliizaa kwa kuitikizana, kwa namna ya nyimbo za kwao. Na gitaa? Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville katika 1952, alipiga gitaa kwa kidole gumba na kidole cha shahada, na kila sherehe yetu tunamtaja kama baba wa muziki ya Katanga. Gitaa si ya Wazungu? Imekuwa yetu kwa sababu mtu wetu aliishika vizuri. Basi muache na binti yangu ashike piano vizuri, tuone.

Mfano mwingine ni Ray Lema, aliyezaliwa 1946 katika Kongo-Central. Alijifunza piano na ogani seminarini, muziki ya Ulaya. Katika 1974 aliitwa kuongoza muziki ya Ballet ya taifa ya Zaire, akazunguka nchi kuwatafuta mabingwa wa vijiji, akakaa chini kuwasikiliza. Mpiga piano ndiye aliyeenda kutafuta mabingwa wale. Wangapi kati yetu, ambao hatujui piano, tumekwenda?

Hapa njo ninafika kwa jambo lenyewe, na ninajua halitapendeza wote.

Iko mzee mmoja katika mji huu, sitaji jina wala mtaa. Macho yake yameanza kufungika. Kisanji chake alikitengeneza mwenyewe: ndimi alizifua kutoka nyuzi za mwavuli na misumari, akazipanga juu ya sanduku la mbao, na chini ya kila ulimi akavisha kapete kadogo ka waya ili kalie zzz, zzz. Sauti akitaka kuiteremsha, anavuta ulimi uwe mrefu, au anabandika nta ya nyuki chini yake. Hana chombo cha kupima. Anaimba kwanza polepole, halafu anasukuma ulimi mpaka ukubaliane na koo lake. Kila mwaka, wakati wa sikukuu yetu, tunamwita. Anapiga kati ya hotuba na hotuba, watu wanaongea juu yake, mkuu fulani anapiga naye picha. Akimaliza tunampa chakula, chupa mbili na pesa ya usafiri. Tunamwambia: "Mzee, ni kwa ajili ya mila." Siku ileile, kijana wa sintetizeri aliyekuja kuchezesha watu usiku anahesabiwa dola mbele yetu wote, na nusu yake alipewa hata kabla hajafika, kama sivyo asingekuja.

Mjukuu wa mzee aliona yote mawili kwa macho yake. Leo anajifunza sintetizeri. Nani alimpeleka? Piano? Ni siye. Tulimfundisha siku ile, bila ubao na bila chaki, kwamba chombo cha nkambo yake bei yake ni chupa mbili.

Siye walimu ugonjwa huu tunaujua sana. Miaka ya 1990 mshahara ulipokuwa haufiki, tuliambiwa kwamba ualimu ni wito. Wito haununui unga. Wazazi ndio waliobeba shule kwa prime, franka juu ya franka, mpaka ilipokuja elimu ya msingi ya bule katika 2019, na kwetu sekondari mzazi amebaki akilipa. Ninakumbuka rafiki zangu wazuri, wenye diploma na akili, waliouacha ubao wakaenda kuuza mafuta ya gari kwa bidoni. Hakuna aliyewaambia kwamba wameua elimu. Watu walielewa kwamba njaa iliwafukuza. Mbona basi kwa mpiga kisanji hatuelewi?

Tusifikiri kwamba hakuna mfano wa kinyume. Kule Kinshasa, Mawangu Mingiedi, aliyekufa katika 2015, alichukua likembe ya kwao Wazombo, akaiwekea mikrofoni aliyoitengeneza kwa sumaku za vyuma vya magari, ili isikike katika kelele ya mji. Kundi lake, Konono No 1, walitoa album Congotronics katika 2004, wakasafiri Ulaya na Marekani. Likembe iliwalisha, kwa hiyo likembe haikufa. Na huko ng'ambo, kuanzia wakati Hugh Tracey alipoanza kutengeneza na kuuza kalimba yake katika miaka ya 1950, chombo cha familia hii kinauzwa madukani, siku hizi hata kwa intaneti, kimepangwa do re mi. Watoto wa Wazungu wanalipia masomo ya kukipiga. Wanalipa! Siye tunangoja wajukuu wetu wakijue kwa damu tu, sawa vile mtu anazaliwa na rangi ya macho.

Ili nisionekane mtetezi wa upande mmoja, niseme na makosa ya walimu wa piano, kwa sababu yako, na ni makubwa. Siyo wote ni kama yule wa binti yangu. Wengi wanafundisha korali, wanataka mtoto apige kanisani baada ya miezi miwili. Wanamwonyesha akordi tatu kwa do, basi. Korali ikipandisha wimbo, mtoto hajui kuufuata. Anabonyeza batoni ya transpozi, na mashine inamfanyia kazi. Ninamjua kijana anayepiga misa kubwa kila Siku ya Mungu, ukimzimia batoni ile anakuwa kama mtu aliyefichwa viatu. Batoni nyingine inatoa ngoma peke yake, besi peke yake, na mtoto anaweka kidole kimoja tu. Huko si kujifunza. Mzazi anayelipia vile analipia mashine.

Kosa la pili ni baya zaidi kwa mila. Sintetizeri kwa kawaida inagawanya sauti katika hatua 12 zilizo sawasawa. Kisanji cha mzee wetu hakikupangwa hivyo. Ulimi wake wa tatu unakaa katikati ya noti mbili za piano, na ni pale anapopataka. Mara moja nilimwona kijana wa sintetizeri, mwenye nia nzuri kabisa, akimwambia mzee kwamba kisanji chake kiko "faux", na kwamba amsaidie kukinyoosha ili wapige pamoja. Mzee alimpa. Kijana akasukuma ndimi mbili tatu. Mzee alipiga kidogo, akanyamaza, akakifunga kwenye kitambaa. Ilimchukua siku nyingi kurudisha sauti zake. Mwalimu wa piano asiyejua kwamba kuna namna nyingi za kupanga sauti duniani, huyo anaweza kuharibu katika saa moja jambo ambalo koo zima lilitunza. Kwa hilo ninakubaliana na mzee wa kamati. Lakini dawa yake si kufukuza watoto kwenye piano. Dawa ni kumpa mtoto walimu wawili, masikio yake yajue njia mbili, kama vile anavyojua Kiswahili na Kifaransa na, kama mama yake hakulala, Kiluba pia.

Basi nilijaribu. Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu kwa mzee yule, Siku ya Mungu mchana. Nilimsalimu, nikamweleza kwamba mtoto anataka kujifunza. Alicheka. "Mutoto mwanamuke, na kisanji? Na njo ule wa piano?" Nikamwambia ndiyo, njo yeye. Akamwita karibu. Hakumpa kisanji. Alimwambia afunge macho, akapiga ulimi mmoja, akamwambia auimbe. Binti akaimba, mzee akasema hapana. Akapiga tena. Hapana. Mara ya sita au ya saba binti aliacha kuitafuta noti ya piano, akaimba ile ya mzee, na mzee akasema: "Ee. Sasa umefika." Kwa nusu saa hawakufanya lingine. Ni mwanzo uleule wa mwalimu wa piano, wiki mbili bila wimbo. Niliona hivyo nikatabasamu peke yangu.

Tulipokuwa tunaaga niliweka mkono mfukoni, nikatoa kitu kidogo, sawa vile tunavyozoea. Mzee hakukipokea. Aliuliza kwa sauti ya chini, bila hasira: "Mwalimu, ule wa piano unamulipaka ngapi?"

Nilitaka kudanganya, ninakiri. Nilimtajia hesabu ya kweli. Alikaa kimya, akapangusa ndimi za kisanji kwa kidole. Kisha akasema: "Basi na miye."

Tangu siku ile ninamlipa sawasawa na yule mwingine, dakika kwa dakika, mwisho wa mwezi. Wazazi wengine wawili wameniuliza njia ya kufika kwake, na mtoto wa mmoja ameisha kuanza. Mjukuu wake, yule wa sintetizeri, juzi alikuwa amekaa mlangoni wakati wa somo, akijifanya anaangalia telefone. Mkutano mkuu wetu unakuja, na makadirio ya sikukuu yatasomwa mbele ya wote. Nitainua mkono kuuliza mstari wa mpiga kisanji uko wapi, na una ngapi ndani.